Gari Lililokataa Kona

Inspekta Muhidini Napwanda alikuwa amelala chali chini ya gari bovu, mchanga umemjaa kisogoni, anatafuta sababu ya kumfunga mtu. Wenzake hawakuhangaika hivyo. Walimfunga mtu kwanza, ndipo wakamtuma yeye akatafute sababu.

Gari lenyewe lilikuwa moja ya yale mawili mapya ya Shirika la Mazao ya Mwambao, yaliyoteremshwa bandarini Mtwara mwaka huo wa sabini na nne, wakati wananchi wanapanga foleni ya mafuta ya taa. Viti laini kama vya sebuleni, vioo vipana, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote, hata kwenye lami. Madereva waliliita Bibi Harusi, kwa kuwa kila mtu alilitazama na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Sasa lilikuwa limepasua pua kwenye jiwe, chini ya mteremko wa kushukia Mikindani. Barabara ilikuwa imekata kona, gari halikukata. Dereva wake, Saidi Chihako, alikutwa ndani amekufa.

"Bomba la breki hilo, Inspekta," ilisema sauti kutoka juu. "Limekatwa. Unatafuta nini tena?"

Muhidini aliviona viatu tu, vyeusi, havina hata chembe ya vumbi. Vilikuwa vya bwana aliyekuja kutoka Dar es Salaam na kujitambulisha kwa jina la Josephu, basi. Jina la pili hakulitaja, wala ofisi. Na siku zile, upepo ukivuma kutoka Ruvuma mizinga ya Mreno inasikika mpaka vijijini, nani angemuuliza?

"Limekatika, naliona," alijibu Muhidini. "Aliyelikata ndiye simwoni."

"Aliyelikata yuko rumande. Thabiti Liundu ndiye fundi wa mwisho kulala hapo ulipolala wewe. Kaka zake wawili wako ng'ambo ya mto, na hatujui wanakula kwa nani. Nitaondoka naye kwa ndege ya alasiri."

Muhidini alitoka chini ya gari, akajipangusa. Ndege ya alasiri! Watu wawili wa Mtwara aliowafahamu walipandishwa ndege hiyo na mabwana wa namna hii, tangu mwaka juzi, na wake zao mpaka leo hawajui wafanye arobaini ya msiba au wasubiri. Thabiti alikuwa na mke, Mwaisha, aliyekuwa ameketi nje ya kituo tangu alfajiri na bakuli la ugali wa muhogo lililofunikwa kwa kanga. Mwaisha alimwamkia kwa unyenyekevu kila aliyepita, hata paka wa kituo nadhani angemwamkia.

"Hebu inama kidogo, ndugu yangu," alisema Muhidini. "Mafuta ya breki yamemwagika wapi?"

Josephu hakuinama, ila alitazama. "Hapo chini ya jiwe."

"Na kwingine?"

"Yamekauka njiani."

"Haya si mkojo wa mbuzi yakauke. Bomba lingekatwa karakana, tungeyafuata matone kutoka Mtwara mpaka hapa. Nimeutembea mteremko mzima kwa miguu, tone sikuliona. Jiwe ndilo lililokata bomba, gari likiwa limeshafika."

"Hiyo ni dhana."

Muhidini alifungua kifuko cha gunia, akatoa kiatu cha kulia cha marehemu. Soli ya mpira ilikuwa imechapwa mistari iliyokaa sawasawa, mirefu ya kuzama, kama mkate uliobanwa na wavu.

"Hii ni mistari ya pedeli ya breki. Breki ikiwa haina mafuta, pedeli inazama mpaka chini bila kukupinga, unabaki unakanyaga hewa. Marehemu alikanyaga kitu kigumu. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na bado gari likamkimbiza."

Josephu alikitazama kiatu, kisha akatazama saa yake ya mkononi.

Kuna mambo mawili Muhidini hakuyasema. La kwanza, ufunguo. Haukuwa kwenye tundu lake, haukuwa mifukoni mwa marehemu, haukuwa mchangani. La pili, ule mkono wa chuma mbele ya abiria, wa kujishikilia. Ulikuwa umeng'oka upande mmoja na kuvutwa kuelekea kwenye kiti. Gari likigonga jiwe halivuti kitu kurudi nyuma namna ile. Mtu aliuvuta, na aliuvuta kwa roho yake yote.

Na habari iliyoandikwa kituoni ni kwamba Saidi Chihako alikuwa peke yake.

* * *

Meneja wa Shirika, Ndugu Andrea Ligola, alimpokea ofisini kwake kwa soda ya baridi. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi ikanyooka, na kitambaa cheupe kimefungwa kiganjani.

"Pole na mkono, Ndugu Meneja."

"Aa, panga la dafu. Ujinga wangu." Alicheka kidogo. "Inspekta, jambo hili limeniumiza sana. Saidi alikuwa kama mdogo wangu. Siku ile alinishusha Likombe nikamwone mgonjwa, akaendelea peke yake. Ningekuwamo, leo mngekuwa mnanizika mimi."

"Likombe kwa nani?"

"Kwa ndugu wa mke wangu. Nilimkuta hayupo."

Muhidini alikunywa soda. Mgonjwa ambaye hakuwepo nyumbani! Huyo alikuwa na homa ya kutembea.

"Nimeshamwambia yule bwana kutoka Dar," Ligola aliendelea, akainamia meza, sauti ikashuka. "Hawa Wamakonde wenye ndugu kule ng'ambo, tuwe nao macho. Nchi iko vitani, Inspekta. Hata wewe mwenyewe una watu wako kule, au nakosea?"

Alisema kwa upole, kama anayeuliza habari za watoto. Muhidini aliiweka chupa mezani kwa uangalifu. Alikuwa na shangazi Palma, upande wa Mreno. Meneja wa mazao alijuaje? Basi jina lake lilikuwa limeshatajwa mahali, na mwenye kulitaja ndiye huyu aliyekuwa akimnywesha soda.

"Naomba kuliona lile gari la pili," alisema.

"La nini tena?"

"Nataka kujua bomba linapita wapi, niandike vizuri jinsi fundi alivyolikata."

Ligola akatabasamu. "Hapo sasa unafanya kazi."

* * *

Uwanja wa Shirika uliteremka taratibu kutoka karakana hadi ghala la korosho. Mzee Issa Mtipa, dereva wa siku nyingi, alikuwa amesimama kando ya Bibi Harusi wa pili, mikono kiunoni, anamtazama kama mkwe aliyemkosea adabu.

"Shikamoo, mzee Issa."

"Marahaba, afande. Umemfuata huyu? Leo kanuna. Jua likimpiga hawaki. Betri nzima, mafuta yamo, yeye kanuna tu. Mpaka apoe. Na kipuri chake mpaka kiagizwe Ulaya, fedha za kigeni hamna. Mimi nilikataa kuyaendesha haya. Marehemu Saidi ndiye aliyeyaweza, alipenda mambo ya kisasa."

"Ni gari zuri lakini."

"Zuri la kutazama! Wewe kaa kwenye lile letu la zamani, lile tunaloliita Punda. Litakuvunja kiuno, usukani wake mzito mpaka mabega yaume, lakini linakusikia. Ukiliambia kata, linakata. Hili laini mno. Ukikata kona linalala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba, hujui kama litainuka." Alitema mate pembeni. "Ngoja tulisukume kivulini, lipoe."

Issa aliingia kwenye usukani. Alichomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati.

"Mbona unauchomoa?"

"Ukiuacha umewashwa na injini imezimika, unaunguza koili ya umeme, afande. Halafu ndiyo desturi yetu hapa. Tangu mafuta yapande bei, Ndugu Meneja ameamuru, kila mteremko dereva azime injini, gari lishuke lenyewe. Madereva wakawa wanazima akitazama, akigeuka wanawasha. Basi majuzi akaamuru zaidi, ukizima unamkabidhi ufunguo mkononi mwake, mpaka mfike chini. Kwa Punda haina neno. Kule ufunguo ni wa kuwashia tu, breki ni ile ile na usukani ni ule ule."

Muhidini alikuwa ameshaanza kusukuma. Akili yake ilipokamata maneno hayo, gari nalo lilikuwa limeshakamata mteremko.

Kikasikika kishindo kidogo cha chuma ndani ya usukani.

"Mzee Issa, funga breki!"

"Nimekanyaga! Imekuwa jiwe!" Issa aliuinamia usukani, akauvuta kwa mikono miwili. Haukusogea hata unywele. "Afande, limenikataa! Lahaula, limenikataa!"

Muhidini alikimbia ubavuni, akashika mlango, akakita visigino ardhini, lakini nani anazuia nyumba inayotembea? Mbele palikuwa na ukuta wa ghala, na mbele ya ukuta magunia ya korosho yaliyopangwa. Gari likaingia magunia, likapanda kidogo, likakaa. Korosho zikamwagika juu ya boneti zikilia kama mvua ya mawe.

Issa alishuka. Akaketi chini palepale, akashika kifua.

"Nimeendesha tangu Mwingereza yupo," alisema, machozi yanamlenga. "Sijawahi kuona gari linamfunga mtu mikono."

Muhidini alichukua ufunguo mfukoni kwa mzee, akapanda, akauchomeka na kuugeuza kidogo. Usukani ukalegea. Akauchomoa, akauzungusha usukani, ukajifunga. Akaurudisha, ukalegea. Alikanyaga pedeli, ngumu. Akangoja huku anajifuta jasho, mpaka Bibi Harusi akakubali kuwaka, akakanyaga tena, na pedeli ikazama taratibu chini ya mguu. Breki za gari hili zilikuwa zinasaidiwa na injini. Ukiizima, zinakupa pumzi moja au mbili, kisha unabaki na nguvu za mguu wako tu mbele ya chuma kizito kile.

Basi akamwona Saidi Chihako, pale juu ya mteremko, anazima injini kama alivyoamriwa, anachomoa ufunguo, anaunyoosha kwa mtu aliyekaa kushoto kwake. Mtu huyo akaupokea.

"Mzee Issa," alisema Muhidini, "hili la usukani na hili la breki, utamwambia nani?"

"Nani? Mimi sijaona kitu. Nina wajukuu, afande."

"Vema. Usione mpaka jua lizame."

* * *

Walipanda Bibi Harusi wa pili wote watatu, Muhidini kwenye usukani. Meneja alikaa mbele, mahali pake pa siku zote, na Josephu akakaa nyuma. Muhidini aliwaambia anataka kuwaonyesha, kabla ya ndege, mahali ambapo breki za Saidi zilianza kumwachia. Ligola alikuwa mchangamfu. Alieleza habari za vijiji vipya vya ujamaa kule Msimbati, akalaumu watu wanaokataa kuhama.

Walipofika juu ya mteremko, Mikindani ikaonekana chini, mapaa yake ya makuti na nyumba zake kuukuu za mawe, na bahari imetulia. Muhidini alisimamisha gari. Aliweka gia nzito kabisa, ile ya kuvutia matopeni, inayolibana gari hata injini ikizimwa. Ligola hakuwa mtu wa gia, hakutazama. Lakini gia ni chuma, na chuma cha Bibi Harusi nani anakiamini?

Aliliachia. Gari likaanza kushuka.

"Saidi alifika hapa," alisema, "akafanya kama ilivyo desturi ya Shirika." Akazima injini.

Ghafla kimya. Upepo tu, na mchanga ukisagika chini ya magurudumu. Ligola alishika ule mkono wa chuma mbele yake.

"Hakuna haja ya haya," alisema.

"Ni mafuta, Ndugu Meneja. Tunaokoa mafuta ya taifa." Muhidini alikanyaga breki mara ya kwanza, ikaitika. Mara ya pili ikaanza kugoma. Mara ya tatu ilikuwa jiwe, na ijapokuwa alilijua jambo hilo, nywele zilimsimama. Kona ilionekana mbele, na jiwe, na Bibi Harusi yule mwingine amelala pale pua imepasuka. Gia ilikuwa inalia. Alinyoosha mkono, akashika ufunguo kama anayetaka kuuchomoa.

"Usichomoe!" Ligola alipiga ukelele, akamrukia mkono kwa mikono yake miwili, kile kitambaa cheupe kikafunguka. "Usichomoe, usukani utafunga! Utafunga! Washa! Mama yangu, washa!"

Muhidini akawasha. Breki zikarudi. Gari likasimama kabla ya kona, likitikisika kidogo.

Ligola bado alikuwa ameushikilia mkono wa Inspekta. Kiganjani mwake palikuwa na jeraha refu lililochanika kuifuata mistari ya vidole, jeraha la mtu aliyening'inia kwenye chuma. Panga la dafu halichani hivyo.

"Ndugu Meneja," Josephu alisema kutoka nyuma, taratibu. "Umejuaje kwamba usukani utafunga?"

"Madereva... wanasema madereva."

"Dereva mmoja tu ndiye aliyeliendesha gari la namna hii," alisema Muhidini, "naye tumemzika. Bomba ndilo ulilolitangaza wewe mji mzima. Habari za usukani mimi sikumwambia mtu. Alikupa ufunguo, ukaupokea. Alipouzungusha usukani ukafunga. Uko wapi ufunguo ule?"

Ligola alianza kulia. Ni jambo baya kumwona mtu mzima mnene analia ndani ya gari zuri. "Niliutupa baharini. Sikujua, wallahi sikujua. Magari yote tunafanya hivyo! Nilitaka kumrudishia, aliponyoosha mkono kuupokea ukaanguka miguuni pangu. Nikawa nautafuta, nautafuta..."

"Daktari anasema Saidi hakufa palepale," alisema Muhidini. "Alitoka damu muda mrefu. Ulipofungua mlango kuondoka, alikuwa bado anasema?"

Meneja alifunika uso.

"Alikuwa anaita," alisema. "Alikuwa ananiita mimi."

Muhidini alitaka kumpiga. Alitaka sana. Badala yake alikamata usukani kwa mikono miwili, akageuza gari kuelekea Mtwara, na njia nzima hakuzima injini kwenye mteremko wowote.

* * *

Kituoni, mlango wa rumande ulipofunguliwa, Thabiti Liundu alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono mbele apigwe pingu. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nenda nyumbani," Muhidini alimwambia. "Mkeo yuko nje."

Mikono haikushuka. "Afande, usinifanyie hivyo. Kama ni ndege, niambie ni ndege."

"Si ndege. Hukukata kitu. Nenda."

Nyuma yao zikasikika hatua. Josephu alikuwa anamleta Ligola, hana mkanda, hana viatu, ameishika suruali kiunoni kwa ule mkono uliochanika. Ujia ulikuwa mwembamba, fundi na meneja wakakutana uso kwa uso. Muhidini alijiweka katikati, akidhani fundi atamrukia. Nani angemlaumu?

Ligola ndiye aliyesema kwanza, tena kwa kunong'ona, kama mgonjwa anayemuuliza mgonjwa aliyemtangulia hospitalini.

"Thabiti. Kule wanakotupeleka, wanafanya nini?"

Thabiti alimtazama. Ilimchukua muda kuelewa anaulizwa nini, na anayemuuliza ni nani.

"Sijui, Ndugu Meneja," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa naogopa."

Akapita ubavuni, akaufuata ujia mpaka mlangoni. Huko nje Mwaisha alikuwa ameshasimama, bakuli mkononi, hathubutu kuita. Thabiti hakukimbia. Alitembea polepole, mikono imebana mbavu, macho mbele, maana anayekimbia huitwa arudi.